Kalkulasi: Kidole kimoja hakivunji chawa

Kijana anayetaka uhandisi au sayansi katika vyuo vikuu vya Marekani lazima apite kwenye mlango mwembamba: kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko. Akifeli hapo mwaka wa kwanza, ndoto yake huyumba.

Katikati ya miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo akisomea shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliona wanafunzi weusi wengi wakifeli somo hilo, ilhali wenzao wenye asili ya China wakifanya vizuri. Aliwauliza wahadhiri sababu. Wakataja kukosa ari, msingi mbovu wa sekondari, umaskini na wazazi wasiojali elimu.

Treisman hakuridhika. Aliwachagua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China, akawafuatilia wanavyosoma. Maelezo ya wahadhiri yakaporomoka. Wazazi wa vijana weusi walikuwa wamejinyima mengi ili watoto wasome. Vijana wenyewe walihudhuria darasani na kujisomea kalkulasi saa 6 hadi 8 kwa wiki. Lakini walisoma peke yao. Marafiki waliwaweka mbali na vitabu.

Wale wa asili ya China walitumia takriban saa 14. Kwanza kila mmoja alijisomea, kisha jioni walikutana, wakalinganisha majibu na kusahihishana. Swali likiwashinda wote, walijua kuwa ni gumu kweli. Hakuna aliyejiona mjinga.

Mwaka 1978 Treisman alianzisha mpango wa kusoma kwa vikundi. Haukuwa darasa la waliofeli: washiriki walipewa maswali magumu wayatatue pamoja. Wanafunzi weusi waliojiunga waliwapita hata wenzao wazungu na wa asili ya Asia.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science, ulihusisha wanafunzi 811 wa Florida International University waliogawanywa kwa bahati nasibu. Waliotatua maswali kwa vikundi darasani walifaulu kwa asilimia 11 zaidi ya waliosikiliza mihadhara.

Mzazi uliye ughaibuni, mwanao akikwambia kwa simu kwamba anakesha na vitabu, mpongeze. Kisha muulize anakesha na nani.