Vitufe vya mauzo: rangi na picha humwokoa muuza duka

MSIMU wa kupulizia pamba, kwenye duka la pembejeo pale Nyalikungu, wilayani Maswa, hakuna muda wa kusomasoma. Wateja wamejaa kaunta: huyu anataka dawa ya funza wa vitumba, yule mbegu za mahindi, mwingine betri za tochi. Kijana wa dukani anatazama kioo cha simu chenye vitufe arobaini, vyote vya kijivu, vyote vya maandishi madogo. Anabonyeza kisicho chenyewe. Risiti inatoka na jina la bidhaa nyingine kwa bei nyingine, na jioni hesabu ya stoo haikubaliani na fedha zilizomo kwenye droo.

Tangu Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipoanzisha mashine za EFD mwaka 2010, wafanyabiashara wengi wamezoea vitufe vya namba. Siku hizi zipo programu za mauzo za kwenye simu zinazomruhusu mwenye duka kuchagua rangi ya kila kitufe na kukiwekea picha. Wengi huziacha kama zilivyokuja. Wengine hupaka kila rangi mpaka kioo kinafanana na kanga.

Mmarekani Gene Mosher, mwenye mgahawa, ndiye aliyeonyesha mwaka 1986 programu ya mauzo yenye vitufe vya rangi kwenye kioo cha kugusa. Lakini kuchagua kwa picha si jambo geni kwetu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea ubunge walipewa alama ya jembe au nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura bila kukosea. Na noti ya Sh 10,000, nani huisoma tarakimu? Wekundu wake na tembo vinatosha, ndiyo maana mitaani ikaitwa Msimbazi.

Basi anza na kile ambacho jicho la muuzaji tayari linakijua. Mbegu rangi moja, mbolea nyingine, zana nyingine. Rangi zikizidi tano hakuna atakayezikumbuka. Picha iwe ya mfuko au chupa yenyewe iliyoko rafuni. Picha nzuri ya shamba kutoka kwenye intaneti haisaidii, kwa kuwa mbegu zote huota shambani. Chupa za ujazo tofauti zikifanana, andika ujazo kwa tarakimu kubwa na uviweke vitufe vyake mbalimbali.

Viuatilifu vinahitaji uangalifu zaidi. Lebo zake zina mkanda wa rangi: nyekundu kwa sumu kali kupita zote, kisha njano, bluu, na kijani kwa zenye hatari ndogo. Mwenye duka anayeipa sumu ya mkanda mwekundu kitufe cha kijani, eti kwa sababu ni dawa ya mimea, anamfundisha kijana wake kuidharau, naye atamfundisha mkulima. Vipe viuatilifu ukurasa wake, na humo rangi ifuate mkanda. Jina nalo libaki, kwani wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengine hawajijui.

Ukishapanga, usivihamishe ovyo. Kidole hukumbuka mahali kuliko jicho. Mtajie kijana bidhaa kumi harakaharaka, na pale anaposita badilisha picha. Fanya hivyo mapema, maana vitumba vikishaanza kutoka hakuna mteja atakayekusubiri upange vitufe.