Mkongwe wa Bei Ghali: Abakishwe au Aagwe?

Kila msimu wa michezo unapokwisha, viongozi wa timu hukabiliwa na swali lisilo na jibu jepesi: mchezaji aliyeijengea timu jina, ambaye sasa umri umemwendea na ujira wake umepanda, aendelee kulipwa au aagwe kwa heshima? Leo tunapenda kulitazama swali hilo kwa mfano wa Marekani, katika ile futiboli yao ambayo mikono hufanya kazi kuliko miguu.

Katika mchezo huo hakuna mtu muhimu kama kwotabeki. Yeye ndiye apokeaye mpira shambulizi linapoanza, na kwa muda wa kupepesa macho huamua kama aurushe mbali, amkabidhi mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Ndiyo sababu mshahara wake kwa kawaida huwapita wenzake.

Peyton Manning alijiunga na timu ya Indianapolis Colts mwaka 1998. Kwa misimu 13 hakukosa kuanza hata mchezo mmoja wa ligi, jumla ya michezo 208. Mara nne alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi akiwa na timu hiyo, na mwezi Februari 2007 aliiongoza kutwaa ubingwa kwa kuifunga Chicago Bears 29 kwa 17. Kisha shingo ikamsaliti. Alipasuliwa zaidi ya mara moja, mkono wake wa kurushia ukapungua nguvu, na msimu mzima wa 2011 akautazama kutoka kando ya uwanja. Bila yeye, Colts walishinda michezo miwili tu na kupoteza 14.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Mkataba uliwataka wamlipe dola milioni 28 kama angekuwa bado mchezaji wao tarehe 8 Machi 2012. Tena yafaa ieleweke kwamba ligi hiyo huweka kikomo cha fedha ambazo timu yaweza kuwalipa wachezaji wake wote. Mwaka huo kikomo kilikuwa dola milioni 120.6. Anachoongezewa mmoja, wengine hupunguziwa. Na kwa kuwa walishika mkia, Colts walikuwa na haki ya kuchagua wa kwanza miongoni mwa vijana waliotoka vyuoni, na kijana Andrew Luck alikuwa akingojea.

Tarehe 7 Machi, siku moja kabla ya deni kuiva, mmiliki wa timu, Jim Irsay, alitangaza kwamba Manning anaachwa. Wote wawili walizungumza kwa majonzi makubwa. Wako waliosema kwamba asante ya punda ni mateke.

Je, walikosea? Manning alikwenda Denver Broncos kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 96, akadhihirisha kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Msimu wa 2013 alirusha pasi 55 za kuzaa mabao, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake katika msimu mmoja. Lakini tusiishie hapo. Msimu wa 2015 mkono ulikuwa umechoka: alizaa mabao 9 tu kwa pasi, na mara 17 akanyang'anywa mpira na wapinzani. Kabla ya msimu huo alikuwa amekubali kupunguziwa ujira kutoka dola milioni 19 hadi 15. Februari 2016 Denver walitwaa ubingwa kwa kuifunga Carolina 24 kwa 10, na waliobeba mzigo siku ile walikuwa walinzi, Von Miller akiwa mbele yao. Mwezi uliofuata mkongwe alistaafu.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye somo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Denver walikuwa na nyumba yenye nguzo, wakahitaji paa; Indianapolis nguzo zilikwisha kuanguka, na paa la dola milioni 28 lisingesimama hewani. Wakiwa na Luck walishinda michezo 11 katika kila msimu wa mitatu iliyofuata, na Januari 2015 waliwatoa Denver wa Manning mwenyewe kwa 24 kwa 13. Hata hivyo ujana nao hauna dhamana: Luck, aliyeandamwa na majeraha, alistaafu mwaka 2019 akiwa na miaka 29, bila kuifikisha timu fainali.

Basi kiongozi anayetaka kumbakisha mkongwe asiulize tu, "Je, bado anaweza?" Aulize pia, "Tukishamlipa, atabaki nani wa kucheza naye?" Shukrani ina njia nyingine. Mwaka 2017 Colts walisimamisha sanamu ya Manning nje ya uwanja wao, na jezi yake namba 18 hawatampa mwingine.