Akili Mnemba Yajua Nini juu ya Mkarafuu?

Kwa Mabwana na Mabibi Wanachama.

Katika kikao kilichopita, kamati ilipokea barua kutoka kwa kampuni moja, ikitaka Chama kilipe ada kila mwezi ili wanachama watumie programu yake ya simu. Maneno ya barua ni mafupi: mwanachama apige picha ya jani la mkarafuu, aipeleke, na baada ya dakika moja ataambiwa mti una ugonjwa gani na afanye nini, kama ni kutia dawa au kukata. Barua yasema kazi hiyo yafanywa na "akili mnemba". Wajumbe waligawanyika. Wengine walitaka tutie sahihi siku ile ile; wengine walisema huo ni ulaghai mtupu; na mmoja aliuliza kama si mambo ya majini. Basi kamati ikaniagiza nilieleze jambo hili katika gazeti letu, kwa kuwa fedha ni zenu na miti ni yenu, na mkutano mkuu ndio utakaokata shauri.

Jambo hili latugusa zaidi sisi wa tawi la Makorora. Wengi wetu twakaa Tanga na mikarafuu yetu iko Pemba. Kwenda kuutazama mti mmoja kwataka nauli, chombo, na siku mbili tatu za kuacha kazi. Mtu akiambiwa kuwa aweza kuutibu mti wake wa Wete naye amekaa barazani Makorora, hapana budi atatega sikio. Ndiyo maana yafaa tujue kwanza kitu chenyewe ni nini.

JINA LAKE

Mnemba tunayoisema hapa si kile kisiwa kidogo cha kaskazini ya Unguja. Akili mnemba maana yake ni akili ya kuundwa. Wengine husema akili unde, na wengine akili bandia. Jina lake la Kizungu lilitolewa Marekani mwaka 1955 na John McCarthy na wenzake, walipokuwa wakiomba fedha za mkutano uliofanywa katika chuo cha Dartmouth mwaka 1956. Katika ombi lao walisema kuwa wataalamu 10 wakikaa pamoja miezi 2 wataweza kupiga hatua kubwa katika jambo hilo. Tangu hapo imepita miaka kama 70, na mpaka leo wataalamu wanabishana hata juu ya maana ya hilo neno "akili". Jina, basi, lilitangulia kazi. Tuliweke hilo moyoni, kwani jina kubwa si ushahidi.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Mtoto anapoanza chuoni hufundishwa herufi kwa umbo lake. Ba, ta na tha zina mwili mmoja. Nukta moja chini ni ba, mbili juu ni ta, tatu juu ni tha. Maalim humwonyesha mara nyingi, na akikosea humrudisha, mpaka jicho lizoee. Programu ya kutambua picha nayo hufundishwa kwa njia iliyo karibu na hiyo. Watu hukusanya maelfu ya picha, na mjuzi huandika juu ya kila moja: hili jani lina ugonjwa fulani, hili ni zima. Kompyuta hupiga hesabu na kutoa jibu. Likiwa si sawa, hesabu hurekebishwa. Hufanywa hivyo mara nyingi mno, mpaka programu iweze kukisia picha mpya yafanana na kundi gani.

Lakini angalieni tofauti. Mtoto akikutana na herufi asiyofundishwa husema, "Maalim, hii siijui." Programu iliyofundishwa makundi 6 haina la kusema ila moja katika hayo 6, isipokuwa walioitengeneza wameifundisha pia kukiri kutojua. Tena mtoto akiendelea na masomo atafahamu maana ya alichosoma. Programu haijui jani ni nini, wala shamba ni nini, wala hasara. Yajua mfanano tu.

Na zile programu zinazozungumza na watu kwa maneno, asili ya kazi yake ni kukisia neno lipi lafuata, kwa kupimia maandishi mengi zilizopewa. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Haikufahamu lolote, iliyageuza maneno ya mtu yakawa swali, ikamrudishia mwenyewe. Juu ya hayo watu waliizungumzia mambo yao ya siri kana kwamba yawasikia, hata Weizenbaum akastaajabu. Za leo zina uwezo mkubwa kuliko ELIZA, walakini zaweza kutoa jibu la uongo kwa lugha safi ile ile ya jibu la kweli. Ufasaha wa msemaji si dalili ya ujuzi wake. Dalali naye ni fasaha.

Wala msidhani kuwa mashine hujifundisha peke yake. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza kuwa wafanyakazi wa Nairobi waliajiriwa kusoma maandishi machafu na kuyatia alama, ili programu ya ChatGPT ipate kuepushwa nayo, na ujira wao ulikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Nyuma ya kila jibu la mashine pana watu waliofanya kazi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye kuuza akili mnemba ni hili: waliokufundishia ni nani, na walijua nini?

JARIBIO LA MUHOGO

Hatuna haja ya kubishana kwa dhana, maana jambo hili limekwisha kujaribiwa katika pwani yetu hii, ingawa si kwa karafuu bali kwa muhogo.

Muhogo una maradhi mawili makubwa, batobato na michirizi ya kahawia, na Tanga inayajua tangu zamani. Batobato lilielezwa kitaalamu mara ya kwanza kutoka Usambara mwaka 1894; na michirizi ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, hapo juu ya Muheza. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, pamoja na taasisi ya kilimo ya IITA, walitangaza kazi yao ya kufundisha kompyuta kuyatambua maradhi ya muhogo. Walitumia picha 2,756 zilizopigwa katika mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Walipoipima kompyuta kwa picha ambazo haikufundishwa, ilipata asilimia 93. Kwa jumla ya hesabu hiyo mtu angesema kazi imekwisha.

Lakini mwaka 2019 walieleza yaliyotokea walipoitia programu ya namna hiyo ndani ya simu na kuipeleka shambani hapa Tanzania, mbele ya vijani 720 vyenye ugonjwa. Shambani jua ni kali, upepo wavuma, na simu haishikwi kila mara vizuri. Kwa picha za dalili zilizo wazi kabisa, kipimo chao cha usahihi kilishuka kwa asilimia 32, na sababu ni kuwa programu ilipita majani mengi yenye ugonjwa bila kuyaona. Hapa pana somo kubwa: mtihani wa ofisini si mtihani wa shambani.

Hata hivyo tuwe waadilifu, tusichukue upande mmoja wa hesabu. Programu iliyotokana na kazi hiyo yaitwa Nuru, nayo hufanya kazi bila intaneti. Mwaka 2020 ilitolewa taarifa ya kupimwa kwake Afrika Mashariki pamoja na watu. Nuru ilipata asilimia 65. Mabwana shamba walipata kati ya 40 na 58. Na wakulima wenyewe kati ya 18 na 31. Shambani, walipotazama majani 6 ya kila mmea badala ya moja, Nuru ilifika kati ya 74 na 88. Basi anayesema kitu hiki ni ulaghai mtupu, na ajibu hesabu hizo, kwani sisi wakulima ndio tuliokuwa wa mwisho. Na anayesema kina akili kuliko watu, naye ajibu: hiyo 65 maana yake ni kuwa katika majibu 100, 35 si sahihi.

MKARAFUU SI MUHOGO

Sasa turudi kwenye barua ya kampuni. Yako mambo matatu yanayoutenga mti wetu na muhogo.

Kwanza, Nuru ilifundishwa muhogo, na ujuzi wake wa muhogo hauhamii kwenye karafuu. Programu ya karafuu yahitaji picha zake za karafuu, maelfu yake, za mti mzima na mti mgonjwa, na kila moja iwe imehakikishwa na mjuzi. Barua ya kampuni haikutaja hata picha moja.

Pili, maradhi ya mkarafuu hayakai yote kwenye jani. Wazee wanakumbuka ule ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla Visiwani: majani hupauka, hupukutika, na mti mkubwa ukafa kwa muda mfupi. F. J. Nutman na wenzake waliufanyia uchunguzi katika miaka ya 1940 na 1950, wakaunasibisha na kuvu anayeitwa Valsa eugeniae, na ubaya wake huanzia mizizini. Picha ya jani haionyeshi mizizi. Tena jani kuwa manjano huenda ikawa ni kiu, au mchwa, au maji yaliyosimama. Bwana shamba akifika huzunguka mti, hukwangua gome, hutazama miti ya jirani, na huuliza mvua ilinyesha lini. Simu haikuuliza.

Tatu, na hili ndilo kubwa, gharama ya kosa si moja. Mwenye muhogo akiambiwa uongo akang'oa shina, mwaka haumpiti kabla ya kupata lingine. Mkarafuu hukaa miaka 6 au zaidi kabla ya kutoa karafuu zake za kwanza, na mti mzuri huvunwa na baba, na mwana, na mjukuu. Shoka likipita halina toba. Kosa moja katika matatu laweza kuvumilika kwa zao la mwaka. Kwa mti wa urithi halivumiliki.

TUFANYE NINI

Kamati haisemi tukatae, wala haisemi tukubali. Kabla ya fedha kutoka, kampuni itapelekewa maswali haya nayo ijibu kwa maandishi:

1. Programu ilifundishwa kwa picha ngapi za mikarafuu, zilizopigwa wapi, na nani aliyehakikisha ugonjwa wa kila mti?
2. Ilijaribiwa shambani au ofisini tu, na ilikosa mara ngapi?
3. Ikiwa haijui, yaweza kusema "sijui"?
4. Picha tutakazopeleka zitakuwa mali ya nani?
5. Mwanachama akikata mti mzima kwa neno lake, nani atamlipa?

Pamoja na hayo, tutaomba jaribio letu wenyewe, nalo si la gharama. Tuchague mikarafuu 20 huko Pemba, mingine mizima na mingine migonjwa. Bwana shamba aikague kwanza na kuandika hali ya kila mti, karatasi itiwe katika bahasha na kufungwa. Kisha mwanachama apige picha za majani 6 ya kila mti na kuipa programu. Bahasha ifunguliwe mbele ya watu na majibu yalinganishwe. Tuhesabu makosa ya namna mbili mbali mbali: mti mgonjwa ulioitwa mzima, na mti mzima ulioitwa mgonjwa. La kwanza laweza kueneza ugonjwa. La pili laleta shoka. Jumla ya asilimia peke yake isitutoshe.

Wakati tunangoja, simu zetu zaweza kutufaa bila ya akili ya mtu yeyote wa kununua. Mwanachama aliye Tanga na amwambie anayemtunzia shamba apige picha za mti mzima, shina, mahali pa mizizi na miti iliyo karibu, si jani tu, kisha azipeleke kwa bwana shamba wa wilaya. Hilo litampunguzia safari, na jibu litatoka kwa mtu anayeweza kuulizwa tena.

Na neno la mwisho ambalo kamati imelipitisha kwa kauli moja: mpaka mkutano mkuu uamue, mwanachama asikate mkarafuu kwa neno la simu peke yake. Mti ukikutia shaka, leta habari ofisini Makorora au kwa mjumbe wako wa Pemba, na Chama kitamtafuta mtu wa kwenda kuutazama. Kila mwenye hoja juu ya barua ya kampuni na aje nayo mkutanoni, awe anaitaka programu au haitaki. Hoja zote zitasikilizwa kabla ya kura.

Wasalaam,
Katibu,
Tawi la Makorora, Tanga.