Konokono Anayeyajua Maji Kabla Hayajafika

Mwalimu mmoja wa Unguja ameniandikia. Tangu habari za daraja la Uzi na Ng'ambwa zianze kusikika, anataka wanafunzi wake wavuke kwenda kisiwa cha Uzi kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa, kwa njia ile ya mawe inayopita mikokoni. Ameandaa mchezo wa kusaka hazina. Anauliza: wasake nini?

Kama ni dhahabu, wasivuke hata. Huku huku Unguja Ukuu, mwaka 1865, zilifukuliwa sarafu za dhahabu, na mojawapo ilipigwa zama za Harun al-Rashid, mwishoni mwa karne ya 8. Lakini mimi ningewapeleka kwenye mchu, mmoja wa miti ya mikoko.

Kaa na kulastara watawaona wenyewe. Namna mwezi unavyovuta bahari wataisoma darasani. Ninachoomba ni wachuchumae mbele ya shina la mchu, wamtafute konokono wa rangi ya tope, urefu wa pingili ya kidole, ambaye ncha ya kombe lake imekatika. Wakubwa wote wako hivyo. Jina lake la kisayansi ni Cerithidea decollata, naye huishi mikokoni katika pwani yetu.

Maji yakikupwa hushuka kula topeni. Kisha, saa mbili tatu kabla maji hayajarudi, wala hakuna dalili ya wimbi, huanza kupanda shina. Tena hasimami popote tu. Siku za bamvua hupanda juu zaidi, maji yakiwa madogo huishia chini, na maji hujaa yakakomea chini yake. Marco Vannini wa Chuo Kikuu cha Florence na wenzake waliwafuatilia konokono hawa Mida, karibu na Watamu, Kenya. Mwaka 2008 walichapisha makala iliyouliza waziwazi kama kiumbe huyu anaweza kuona yajayo.

Kujua wakati kunaelezeka: ana saa ya mwilini. (Nalipenda jina hili kuliko "saa ya kibayolojia", kwa sababu linasema saa yenyewe iko wapi.) Lakini kujua kimo? Alama ya maji ya jana haimfai, maana maji ya leo hayalingani na ya jana. Maelezo yanayonifurahisha kuliko yote ni kwamba anapima nguvu anazotumia kupanda.

Mfikirie mpangaji wa maghorofa ya Michenzani anayerudi usiku, umeme umekatika. Hahesabu ngazi, haoni milango. Mapaja yake ndiyo yanayomwambia amefika. Siku akibeba gunia la mchele, atajikuta anapapasa kitasa cha jirani wa chini. Sasa mzidishie shida: kila siku mwenye nyumba anamhamishia ghorofa nyingine, wiki hii juu, wiki ijayo chini, wala hamwambii. Inambidi ajue kwa mwendo wa mwezi, apande gizani, achoke kiasi kinachoistahili siku hiyo, si zaidi wala pungufu, kisha asimame, na mlango ulio mbele yake uwe wake. Akikosea ghorofa moja, maji yanamkuta kitandani. Konokono anaifanya kazi hiyo kwa mguu mmoja.

Habari ya nguvu bado inachunguzwa. Mwalimu, fanya hivi. Chagua siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Bamvua hapa kwetu hukupwa karibu saa nne, saa tano asubuhi. Kila kundi lipewe shina moja na kipande cha chaki. Konokono wakishapanda na kutulia, wachore mstari chini kidogo ya yule aliye chini kuliko wote, wamwache palepale, kisha wavuke kurudi mapema, maana njia ya Uzi haimsubiri mtu. Kesho yake maji yakikupwa warudi waangalie. Chaki ikiwa bado ipo, konokono alipatia.