Sindano ya Mgongo Nayo Ni Tiba

Daktari akitaka kumtoa mgonjwa maji mgongoni, mara nyingi ndugu zake hukataa. Wamesikia habari za mtu aliyechomwa jioni akafariki alfajiri, wakaamini sindano ndiyo iliyomuua. Kumbe wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamekwishazidiwa na homa ya uti wa mgongo ya fangasi aitwaye kriptokokasi.

Fangasi huyu anaishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, nasi humvuta kwa pumzi bila kudhurika. Kwa mwenye VVU ambaye chembe zake za kinga, CD4, zimeshuka chini ya 100, hutoka mapafuni akaingia kwenye utando wa ubongo.

Ubongo umezungukwa na maji yapatayo mililita 150, na mwili hutengeneza karibu 500 kila siku; yanayozidi hurudi kwenye damu. Kriptokokasi amejivika ute mzito, na ute huo huziba vinjia vya kutokea. Fuvu halitanuki. Shinikizo likipanda, kichwa huuma bila kusikia dawa, mgonjwa hutapika, huona vitu viwiliviwili, na wengine hupofuka.

Dawa za kuua fangasi ni lazima, lakini haziwahi kuzibua njia hizo. Ndipo sindano huingia kiunoni, chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu unapoishia. Shinikizo hupimwa; pasipo na kipimo maalumu, mpira wa dripu ulioshikwa wima pamoja na rula hutosha. Likizidi sentimita 25, hutolewa mililita 10 hadi 30, lishuke chini ya 20 au angalau kwa nusu. Wengi hupata nafuu ya kichwa papo hapo. Ila maji hujaa tena, kwa hiyo huenda mgonjwa akachomwa kila siku mpaka shinikizo litulie.

Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba waliotolewa maji tena walinusurika zaidi, hata wale ambao mwanzoni shinikizo lao halikuwa juu. Njia ya mkato ya deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ilijaribiwa Asia na Afrika. Jaribio lilisimamishwa kwa sababu dawa iliwadhuru wagonjwa, na matokeo yakachapishwa 2016.

Ndugu anayeuguza na amwulize daktari bila woga: shinikizo lilikuwa ngapi, na atatolewa tena lini?