Mgombea asiye na chama: anasimamia nini, na tumpime namna gani?



Mwaka 2023, wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba, shemasi mmoja wa parokia yetu hapa Bukavu alikuja kutuona nyumbani. Alikuwa amejiandikisha CENI kuwa mgombea wa baraza la komine, bila chama chochote. Hakuja kuomba jina lake litajwe mimbarani. Alikuwa na swali moja tu: "Papa Mchungaji, kila avenyu ninayopita wananiuliza niko upande wa nani. Nikisema sina upande, wanacheka. Niwaeleze namna gani?"

Tulikaa naye mpaka usiku. Tuliona kwamba swali lake ni letu pia, kwani waamini wetu wanapiga kura, na wengi hawajaelezwa vizuri mgombea wa namna hiyo ni mtu gani. Wengine wanamwona kama mtu asiye na baba. Wengine wanamwona kama malaika, kwa kuwa tu wamechoka na vyama. Yote mawili si kweli. Basi tujaribu kueleza.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 101, inasema kwamba wagombea wa ubunge wanaletwa na vyama au miungano ya vyama, na kwamba mtu anaweza pia kujileta mwenyewe. Sheria ya uchaguzi inafungua mlango huo huo kwa baraza la jimbo na baraza la komine. Kwa hiyo mgombea asiye na chama si muasi wala si mtu wa kujipenyeza. Anatumia haki yake.

Wazee wetu wanajua kwa nini haki hiyo ina uzito. Tangu mwaka 1967 nchi ilikuwa na chama kimoja, MPR, na kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, apende asipende. Ni tarehe 24 Aprili 1990 tu Mobutu alipotangaza mwisho wa mambo hayo. Kusema "mimi sina chama" lilikuwa neno lisiloweza kusemwa kwa zaidi ya miaka 20.

Katika uchaguzi wa 2006, kati ya wabunge 500 wa taifa, 63 waliingia bila chama. Lakini tukumbuke jambo lingine la mwaka huo huo: Joseph Kabila naye aligombea urais kama mtu asiye na chama, huku muungano mzima wa vyama ukiwa nyuma yake. Hilo peke yake linatufundisha kwamba neno lililoandikwa kwenye karatasi ya kura halitoshi kutuambia mtu amefungwa na nani.

Komine inaweza kufanya nini

Watu wengi wanamwomba mgombea wa komine mambo ambayo hayako mikononi mwake: amani, mishahara ya walimu, barabara ya taifa. Naye, akitaka kura, anaahidi yote. Hapo ndipo uongo unapoanzia.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komine, sekta na shefferi inalipa baraza la komine kazi za karibu: barabara ndogo za ndani, mifereji, masoko ya komine, taka, taa za barabarani, makaburi, zahanati. Ni baraza pia linalochagua mkuu wa komine na msaidizi wake. Si kazi za kuonekana kwenye televisheni, lakini ndizo zinazoamua kama mvua ya Aprili itaingia ndani ya nyumba ya Mama fulani au itapita nje.

Na feza? Katiba, kifungu cha 175, inasema mapato ya taifa yakiwa franka 100, jimbo libaki na franka 40. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba miji, komine, sekta na shefferi zipate asilimia 40 ya hizo 40, yaani franka 16. Kwa maandishi ni hivyo. Kwa kweli kila anayefanya kazi ofisini kwenye komine anajua kwamba franka hizo hazishuki kama zilivyoandikwa. Mgombea mkweli anapanga kazi yake kwa feza iliyopo, huku akiendelea kudai ile isiyofika.

Siasa ya katikati, kwa mifano

Shemasi wetu alikuwa na mambo matatu tu kwenye karatasi yake. Tunayataja kwa kuwa yanaonyesha maana ya kusimama katikati. Kwetu maneno "kulia" na "kushoto" ya watu wa Ulaya hayatusaidii sana, kwani vyama vyetu vingi vimejengwa juu ya mtu, jimbo au kabila kuliko juu ya mafundisho. Katikati kwetu ni kusikiliza pande mbili za jambo lenyewe, halafu kutafuta kinachoweza kufanyika.

La kwanza, njia na mifereji. Bukavu imejengwa juu ya vilima, na mara kwa mara moto unakula nyumba za mbao kwa sababu gari la kuzima moto halipati mahali pa kupita. Wapo wanaosema: bomoa yote, mji uwe na mpango. Wapo wanaosema: acha watu, hawana pengine pa kwenda. Yeye alisema: tuanze na mahali pa hatari zaidi. Komine isitoe tena kibali cha kujenga kwenye mteremko unaobomoka. Aliyekwisha kujenga asiondolewe kabla ya kuonyeshwa pengine. Na katika avenyu zenye msongamano, kila mwenye nyumba apunguze ua wake kidogo, komine itoe mawe na saruji, vijana wafanye salongo.

La pili, mama wanaouza kando ya barabara. Mwaka wa kawaida wanafukuzwa na bidhaa zao zinachukuliwa. Mwaka wa kampeni wanaambiwa wauze popote. Yeye aliwaambia mbele yao kwamba barabara haiwezi kufungwa, na wengine hawakufurahi. Lakini alisema pia kwamba wasifukuzwe bila mahali. Wapewe upande mmoja, kwa saa zinazojulikana, na kodi iwe moja kwa siku, iandikwe kwenye ubao sokoni, na anayelipa apewe karatasi yenye muhuri. Asiyetoa karatasi asilipwe.

La tatu, hesabu. Kila miezi mitatu, feza iliyoingia na iliyotoka ibandikwe kwenye mlango wa komine, nakala ziende kwa mashefu wa kartie, makanisani na misikitini.

Ukiangalia vizuri, hakuna hata moja la ajabu. Na kila moja linamkasirisha mtu fulani kidogo, hata wale ambao kura zao alizihitaji. Mtu wa katikati si yule anayetafuta kumpendeza kila mtu. Huyo tunamwita kinyonga. Mtu wa katikati anamwambia kila upande neno lile lile, hata kama halipendezi.

Kwa nini ni vigumu kwake kupita

Hapa kuna jambo ambalo waamini wengi hawalijui. Tangu sheria ya Desemba 2017 kuna kizingiti: orodha isiyofikia kiasi fulani cha kura haigawiwi viti. Kwa komine kiasi hicho ni asilimia 10.

Tuchukue mfano. Tuseme komine ina kura halali 30,000. Kizingiti ni kura 3,000. Chama kinaleta watu 7, kila mmoja anapata kura 450. Jumla ni 3,150, chama kimepita. Mgombea asiye na chama yuko peke yake kwenye orodha yake. Akipata kura 2,000 amewashinda wote saba, mmoja mmoja, tena mara nne na zaidi. Lakini anabaki nje, na mmoja mwenye 450 anaweza kuingia.

Waliotunga sheria hiyo wana sababu zao: walitaka kupunguza utitiri wa vyama vidogo. Hatuidharau sababu hiyo. Lakini matokeo yake kwa mtu wa avenyu aliye peke yake ni mazito. Tena dhamana anailipa mwenyewe na hairudi, na hana watu wa kutosha wa kuwa mashahidi katika kila ofisi ya kura.

Udhaifu wake mwenyewe

Tusimtetee tu. Kukosa chama kuna hatari zake. Mbunge anayeacha chama chake kwa kusudi anapoteza kiti, kwa kifungu cha 110. Chama kinaweza kumfunga mtu, lakini kinaweza pia kumzuia asiuzwe. Asiye na chama hana wa kumwuliza. Na kwa sheria yetu washauri wa komine wanachagua mkuu wa komine, pia wanachagua washauri wa mji, ambao nao wanachagua meya. Pale ambapo watu wachache wanachagua mkubwa, bahasha zinatembea. Mtu aliye peke yake ndiye wa kwanza kubishiwa hodi usiku.

Pia, peke yake barazani hawezi kupitisha kitu. Ni lazima ajue kuomba, kujadiliana, kukubali nusu leo na kurudi kesho kutafuta nusu nyingine. Mtu mwenye kiburi asigombee bila chama. Atakaa barazani miaka mitano akipinga tu.

Maswali ya kumwuliza

Kanisa halina mgombea, na mimbari haiuzwi wala haikopeshwi. Lakini Kanisa lina wajibu wa kufundisha watu kuuliza. Katika Kutoka 18, Yethro alimshauri Musa atafute viongozi wa makumi na wa mamia, watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu na wanaochukia rushwa. Hakuuliza kabila. Basi, akija mtu na kusema hana chama, tumwulize:

Feza ya kampeni yake imetoka wapi? Asiye na chama lakini mwenye fulana elfu tatu na magari ana baba ambaye hajamtaja.

Katika mambo anayoahidi, ni lipi lililo kweli kazi ya komine?

Atamchagua nani kuwa mkuu wa komine, au kwa vipimo gani? Aseme mbele ya watu, kabla ya kura.

Ni jambo gani alilowahi kuwaambia watu wa kabila lake au wa kanisa lake ambalo hawakulipenda?

Na je, kabla ya kugombea, alikuwa akifanya nini kwenye avenyu yake?

Swali hili la mwisho tunalipenda kuliko yote. Nehemia 3 inatuonyesha ukuta wa Yerusalemu ukijengwa kipande kwa kipande, wengi wakitengeneza mbele ya nyumba zao, hata wafua dhahabu na watengeneza manukato. Wakubwa wa Tekoa ndio waliokataa kuinamisha shingo zao. Na sura ya 5 inatuambia Nehemia hakula posho ya liwali, kwa kuwa watu walikuwa wamelemewa.

Na sasa?

Shemasi wetu hakupata kiti. Kwenye avenyu yake na zile za jirani kura zake zilikuwa nyingi, kizingiti hakukikaribia. Jumapili iliyofuata alikuwa mlangoni pa kanisa akipokea wageni kama kawaida, na wale waliomcheka walimsalimia kwa aibu kidogo.

Wengi wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa mwaka ule, kwa sababu ya vita. Halafu vita vikafika Goma mwezi wa kwanza wa 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Mtu anaweza kutuuliza: katika giza hili, mnaandika juu ya mifereji na kodi ya soko?

Ndiyo, tunaandika. Moto haungojei mkataba wa amani, wala taka, wala mvua. Na siku ambayo wananchi wa mashariki watapiga tena kura kwa uhuru, watahitaji kuwa wamezoea kupima watu kwa kazi, si kwa bendera.

Mwezi uliopita shemasi huyo, pamoja na Mama wawili wa soko na kijana mmoja Mwislamu, walifungua mfereji ulioziba nyuma ya shule yetu. Walikusanya franka nyumba kwa nyumba, na karatasi ya hesabu bado imebandikwa mlangoni pa shefu wa avenyu. Tuliisoma. Zilibaki franka 3,500, na imeandikwa ziko kwa nani.

Bwana awainue watu kama hao katika kila kartie, wenye chama na wasio na chama, na atupe sisi macho ya kuwatambua. Amina.