Je, Wajua? Detekta ya Metali na Udongo Mwekundu wa Chepseon

Je, wajua kwamba udongo mtupu unaweza kuipigisha detekta kelele hata kama chini yake hakuna sarafu, pete wala msumari? Udongo wa Chepseon, na wa Kericho na Bomet kwa jumla, umetokana na mawe ya volkano yaliyooza chini ya mvua kwa karne nyingi. Wekundu wake ni kutu ya chuma, na ndani yake mna chembe nyeusi za magnetaiti. Toa sumaku kwenye spika iliyokufa, ifunge kwa karatasi, kisha ipitishe kwenye ule mchanga mweusi unaobaki kando ya barabara mvua ikishapita. Utaitoa imeota ndevu. Ndiyo maana anayetafuta mashine yake ya kwanza huku kwetu asianze kwa kuuliza inafika kina gani. Aulize kwanza itaelewana vipi na udongo huu.

Je, wajua mashine hiyo inasikiaje? Lile duara la chini, yaani koili, hutuma uga wa sumaku unaogeukageuka maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukigusa metali, metali nayo huzua mkondo mdogo wa umeme na kutoa uga wake. Waya wa pili ndani ya koili huusikia, na mashine hulia. Garrett ACE 250, ambayo wengi walianzia kwayo, hugeuka mara 6,500 kwa sekunde. Nokta Simplex+ ya Uturuki ni mara 12,000. Kasi kubwa huona vitu vidogo vizuri zaidi. Kasi ndogo hupendelea vitu vikubwa vinavyopitisha umeme kwa wepesi, kama sarafu nene za shaba.

Je, wajua ACE 250 haina kitufe cha kusawazisha udongo? Kipimo chake kiliwekwa kiwandani, na hubaki hicho hicho uwe kwenye mchanga wa Diani au kwenye shamba la chai Kipkelion. Kwenye udongo mpole hilo si tatizo. Kwenye udongo wetu, mashine ya namna hiyo hulazimika kupunguzwa nguvu ili itulie, na ukiipunguza nguvu umepunguza na kina. Simplex humruhusu mtumiaji kuisawazisha mwenyewe: unatafuta kipande cha ardhi kisicho na metali, unashika kitufe, unainua na kushusha koili polepole hadi karibu na ardhi, mpaka sauti inyamaze. Ni kazi ya nusu dakika, na unairudia kila unapotoka shambani na kuingia barabara ya murram, kwa sababu murram ina chuma kingi zaidi. Kwa maoni yangu, anayeishi nchi ya chai asitoe pesa zake kwa mashine isiyo na uwezo huo, hata ikiwa na rangi za kupendeza namna gani.

Je, wajua kwa nini tangazo la "mita tano chini" halifai kuaminiwa? Uga hudhoofika ukienda, na jibu la metali hudhoofika likirudi. Ukishatoka karibu na koili, kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ya jibu hilo hukaribia kupungua mara 64. Sarafu moja huonekana sentimita 15, 20, pengine 25 chini. Sufuria au jembe litaonekana chini zaidi kwa sababu ya ukubwa wake. Koili kubwa huongeza kina kidogo tu, na hukusanya kelele za udongo mwingi zaidi kwa wakati mmoja.

Je, wajua koili ndogo ndiyo rafiki wa shamba la chai? Michai hupandwa kwa kubanana, na chini ya meza ile ya majani kuna mashina, mizizi na nafasi finyu. Duara la sentimita 20 au pungufu hupenya, la 30 hugonga shina kila upande. Chai ikishapogolewa mashina huwa wazi, lakini matawi huachwa chini kufunika udongo, nayo yakiinua koili sentimita 10 umeshapoteza karibu nusu ya kina chako.

Je, wajua mvua ya Kericho ni swali la kumuuliza muuzaji? Mwaka mmoja huleta karibu milimita 2,000, na mara nyingi hunyesha alasiri, pengine ikiandamana na mawe. Katika mashine nyingi za bei nafuu, koili hustahimili maji lakini kisanduku cha juu chenye skrini na betri hakistahimili. Simplex huweza kuzamishwa majini nzima nzima. Ukichagua mashine ambayo kisanduku chake hakistahimili maji, beba kitu cha kukifunika.

Je, wajua nyaya za stima huitia mashine wazimu? Simu mfukoni na fensi ya umeme pia. Ikipiga kelele bila kusogezwa, zima simu, sogea, punguza nguvu kidogo. Haijaharibika.

Je, wajua dhahabu na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara hutoa sauti zinazofanana? Alumini nyembamba na pete ndogo ya dhahabu hukaa karibu kabisa kwenye namba za skrini. Mtu aliyeiamuru mashine isahau takataka za alumini, ameiamuru isahau na pete ya harusi. Kizibo cha soda nacho ni bati la chuma, lakini umbo lake bapa huifanya mashine ikiite sarafu. Shilingi moja ya Kenya ya miaka ya karibuni ni chuma kilichopakwa nikeli. Ijaribu kwa sumaku uone. Ukichuja chuma chote, huenda ukaikanyaga shilingi hiyo na kwenda zako. Anayeanza na achimbe kila kitu kwa miezi ya kwanza, misumari ya mabati ikiwemo. Sikio hujifunza hivyo tu.

Je, wajua huku hakuna dhahabu ya kuokota ardhini? Chepseon imekaa juu ya lava. Dhahabu ya magharibi mwa Kenya hukaa kwenye miamba ya kale zaidi: Kakamega, ambako mkimbilio wa wachimbaji ulianza baada ya ugunduzi wa mwaka 1931, Migori, na Lolgorian upande wa Trans Mara. Kwa hiyo usikubali kuuziwa mashine ya dhahabu, ambayo ni ghali zaidi, kwa kazi ya kutafuta sarafu Kericho. Hata ukienda Migori, kumbuka kwamba Katiba ya 2010 na Sheria ya Madini ya 2016 zinayaweka madini yote mikononi mwa taifa. Kuchimba kwahitaji kibali.

Je, wajua basi ni nini cha kutafuta? Reli ya Uganda ilifika pwani ya Ziwa Victoria mwaka 1901, na stesheni iliyoitwa Lumbwa ndiyo Kipkelion ya leo. Walikopita wajenzi, wapagazi na wachuuzi, pesa zilidondoka. Rupia zilitumika hadi 1920, zikafuatwa kwa muda mfupi na florini, kisha shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921, ambayo robo yake ilikuwa fedha halisi. Zilizopendwa na watu wa kawaida zilikuwa senti za shaba zenye tundu katikati, za kutungwa kwenye kamba: senti moja, ndururu, senti kumi. Ile ya kumi ni pana, karibu milimita 31, na detekta huiimba kwa sauti ya juu isiyotetereka. Masoko ya zamani, viwanja vya michezo, chini ya miti ya mikutano: hapo ndipo pa kuanzia, mwenyewe akiridhia.

Je, wajua udongo unaoifurahisha chai huila shaba? Chai hutaka uchachu, pH ya 4.5 hadi 5.6 hivi. Miaka 80 katika hali hiyo huiacha senti ikiwa kijani, na maandishi yake yakishikiliwa na utando mwembamba tu. Usiisugue kwa majivu wala kwa steelwool. Suuza kwa maji, iache ikauke. Dhahabu peke yake hutoka kama ilivyoingia.

Je, wajua mwaka 1895 ni mpaka? Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inakitaja kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka huo kuwa cha kale, isipokuwa vitabu na hati. Kikiwa ardhini ni mali ya serikali. Kwenda kukitafuta makusudi kwahitaji leseni, na ukikikuta kwa bahati unapaswa kuyaarifu Makavazi. Hili si urasimu wa kukera. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, akaziweka, na zikafika makavazini mwaka 1979. Zilifikaje huko kutoka pwani ya Afrika Mashariki? Wataalamu bado wanabishana, kwa kuwa zilitolewa mchangani bila mtu kuchunguza zilikuwa zimelala na nini. Sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle iliyopatikana kisiwani Manda mwaka 2013 ilitoka katika uchimbaji wa wanaakiolojia, na inazungumza mengi zaidi.

Je, wajua ugunduzi mkubwa kuliko wote wa eneo hili haungeliza detekta yoyote? Fort Ternan haiko mbali na Chepseon. Hapo mwaka 1961 Louis Leakey alipata mabaki ya nyani mkubwa wa miaka milioni 14, aliyekuja kuitwa Kenyapithecus. Mfupa na jiwe havina sauti. Ukichimbua kitu cha ajabu wakati ukifuata msumari, simama.

Je, wajua kuna "detekta" zisizotambua chochote? Zile zenye antena mbili za kuzunguka, zinazodaiwa kunusa dhahabu kilomita nzima, hazina kitu ndani. Mwingereza James McCormick aliuzia Iraq vifaa vya namna hiyo kama vya kutambua mabomu. Vilitokana na vichezeo vya kutafutia mipira ya gofu, vya bei isiyozidi dola 20. Mwaka 2013 alifungwa miaka 10. Watu walikuwa wameshakufa.

Je, wajua mashine kuukuu inaweza kutosha? Terry Herbert alipopata hazina ya dhahabu ya Staffordshire, Uingereza, mwaka 2009, mashine yake aliinunua mtumba kwa pauni mbili na nusu. Hazina ilithaminiwa pauni milioni 3.285, akagawana na mwenye shamba nusu kwa nusu. Wao walikuwa na sheria ya kuwalipa, na aliifuata. Cha kuiga hapo ni kuripoti na kupatana na mwenye ardhi mapema.

Je, wajua sehemu nyingine za Kenya si za kuchimba kabisa? Viwanja vya mazoezi ya kijeshi vya Samburu na Laikipia vimewahi kuacha mabomu yasiyolipuka. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wamaasai na Wasamburu 228. Metali ikilia huko, rudi nyuma ulikotoka. Ardhi ya reli na misitu ya serikali nayo ina wenyewe, na chuma cha reli hakibebwi.

Je, wajua adabu ya mtaa huokoa siku? Mtu mwenye vipokea sauti masikioni, akichimba shamba la jirani alfajiri, ataitiwa watu. Mwone mwenye shamba, mwarifu mzee wa mtaa au Nyumba Kumi. Kata bonge la nyasi upande mmoja, lifunue, toa kitu, lirudishe, likanyage. Mzizi wa mchai usiukate. Na mama akija kukwambia pete yake ilidondoka akichuma chai, nenda siku hiyo hiyo, kabla mvua haijaididimiza.

Je, wajua jaribio la kumfanyia muuzaji kabla ya kulipa? Nenda na ndururu ya zamani, kizibo cha soda, msumari wa bati, na debe la udongo mwekundu wa kwenu. Washa mashine, isawazishe juu ya debe. Izike ndururu sentimita 15, upitishe koili mara kadhaa kutoka pande mbili. Namba ikirudi ile ile, nzuri. Uweke msumari kando ya ndururu, urudie. Muuzaji akisema udongo hauingii dukani, mwombe mtoke nje. Akikataa na hilo, kuna maduka mengine.